Ile Tuliyoikataa

Video ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Gari linakata kona katika gemu ya GTA V, na pembeni juu tarakimu za kijani zinapanda na kushuka: 71, 68, 74. Hizo ni fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde; zikiwa nyingi gemu inakwenda laini. Kisha mkono ulioshika simu unateremka polepole hadi kando ya meza, na hapo pana kasha lenye ubavu wa kioo, feni tatu ndani, taa zinageuka rangi kama matatu ya Rongai usiku.

Chini ya video mpwa wangu aliandika: "Anko, hii ndiyo ile tulikataa."

Hakuweka emoji hata moja.

Nilikuwa kwenye matatu, Jogoo Road, nauli mkononi. Nikaandika "Ngoja miezi sita utaona," nikafuta. Nikaandika "Safi sana," nikafuta pia. Mwishowe nikamtumia kidole gumba, kile kidole ambacho watu wa rika langu tunatuma tukikosa maneno.

Kilichonikaa kooni si zile tarakimu. Ni ile "tu". Kijana hakukataa kitu. Aliyekataa ni mimi, yeye akiwa amesimama nyuma yangu na pesa zake mfukoni. Lakini kwa adabu aliyofunzwa na dada yangu, akajiingiza kwenye kosa ambalo hakulifanya ili nisibaki na aibu peke yangu.

Wiki tano sasa, na hiyo "tu" haijashuka.

## Jumamosi, Luthuli

Alikuwa na shilingi 42,000. Alizipata kwa kuvuta nyaya za intaneti juu ya magorofa ya Kayole, miezi minne, jua na mvua. Mamake alimwambia, "Enda na mjomba wako, yeye ndiye anajua hivyo vitu." Basi nikaenda kama mtu anayejua.

Mnaijua Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, sina haja ya kuieleza zaidi. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, vile vibanda vya kioo ambavyo kimoja kina wauzaji watatu na kila mmoja ana bei yake. (Shuleni tulifunzwa kusema tarakilishi na kipakatalishi. Jaribu kuyatamka maneno hayo pale juu uone bei inavyoongezeka.)

Muuzaji mmoja, kijana mpole, aliwasha lile kasha la taa. Prosesa i5 ya kizazi cha nne, RAM 16GB, kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) RX 580 ya 8GB. Elfu arobaini. Nilimtazama mpwa wangu akilitazama. Alikuwa ameinama kidogo, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia samaki ndani ya tangi la kioo.

"Mkubwa, jaribu," muuzaji akaniambia. "Weka kitu yoyote unataka. Pima."

Nikajibu, "Tutarudi."

Kila mtu Nairobi anajua "tutarudi" ina maana gani.

Tukashuka, tukavuka hadi Moi Avenue, na huko nikamnunulia nilichokuwa nimeshaamua kabla hatujatoka nyumbani: Dell OptiPlex 7050, lile kasha jembamba la ofisi, mtumba wa Uingereza, i5-7500 ndani. Halafu kadi ya GTX 1650 ya 4GB, ile fupi inayoingia kwenye makasha membamba. Tukaongeza RAM iwe vipande viwili badala ya kimoja, maana prosesa husoma vipande viwili kwa pamoja na gemu zinapata nafuu bila gharama kubwa. Jumla 39,500. Nyumbani alikuwa na skrini ya inchi 22. Kilichobaki kikanunua kibodi na kipanya.

Nilijiona fundi kabisa.

## Nilivyomhubiria njiani

Tukiwa tunarudi nilimpa somo zima, na somo lenyewe lilikuwa la kweli. Nilimwambia majina ya kadi si ya kuaminiwa.

Kuna GT 1030 mbili duniani. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5. Ya 2018 ina DDR4, jina lilelile, na kasi ya kumbukumbu yake imeshuka hadi karibu theluthi moja. GTX 1060 ya 3GB si ile ya 6GB iliyopunguziwa kumbukumbu tu. Hata viini vya ndani, vile vinavyofanya hesabu za picha, vimepungua, 1152 badala ya 1280. RTX 3060 ilitoka 2021 ikiwa na 12GB, kisha ikaja nyingine ya 8GB yenye njia nyembamba ya kumbukumbu, na jina halikuguswa.

Kwenye laptopu ndiyo balaa. RTX 3050 ya laptopu yaweza kupewa wati 35 na mtengenezaji mmoja, na 80 na mwingine. Stika nje ni ile ile, kasi sivyo. Kila mwezi mtu hunitumia picha ya laptopu na swali: "Hii iko na RTX, si ni sawa?" Nami humwuliza, "Ina wati ngapi?" na hapo mazungumzo hufa.

Mpwa wangu alisikiliza yote. Aliuliza swali moja tu.

"Na ile ya taa, jina lake lilikuwa linadanganya?"

Nikamwambia, "Zile kadi zilitoka kwa wachimbaji."

Sikumjibu. Alijua sikumjibu.

Kuhusu wachimbaji sikusema uongo. RX 580 ilitoka 2017 na ikapendwa sana na watu waliokuwa wakichimba Ethereum, yaani kukokotoa kwa kadi ili wapate sarafu hiyo ya kidijitali, usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo wake, uchimbaji kwa kadi za grafiki ukaisha siku hiyohiyo, na kadi zikamwagika sokoni. Nyingine hubadilishwa feni, hupanguswa vumbi, husafiri. Lakini kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Wachimbaji wengi walipunguza umeme wa kadi ili wasipoteze faida, kwa hiyo chipu ilifanya kazi kwa joto la wastani lisilopandashuka. Kinachochoka kwanza ni feni na ile dawa ya kupitisha joto, na fundi yeyote anaweza kuvibadilisha. Hatari nyingine ni programu ya ndani ya kadi iliyochezewa, na hiyo hupimwa kwa dakika mbili.

Nina kifaa cha kupimia. Kiko kwenye flashi.

Flashi ilikuwa mfukoni mwangu Jumamosi ile. Nilikuwa naigusa kwa kidole wakati muuzaji ananiambia, "Pima."

## Tundu la VGA

Ili nieleze kwa nini sikuitoa, lazima nirudi 2018.

Mwanzoni mwa mwaka ule bei ya kadi ilikuwa juu dunia nzima kwa sababu ya hao hao wachimbaji. Nilitafuta GTX 1050 Ti wiki nyingi. Kibanda kimoja wakaniambia 14,000, kisanduku kimefungwa, plastiki haijapasuliwa. Kwa nyuma kadi ilikuwa na tundu la VGA, lile la skrini za zamani. Nikafurahi mno! Skrini yangu ilikuwa ya VGA, na kila kadi nyingine niliyoiulizia ilinitaka ninunue kibadilishi.

Windows ikasoma "GTX 1050 Ti". Draiva, zile programu za kuiendesha kadi, nilizopakua kutoka kampuni ya Nvidia inayounda GTX, zikagoma. Zile za CD ya kwenye kisanduku zikakubali. Gemu za zamani zilikwenda. Mpya zilifunguka, zikatetemeka, zikajifunga.

Niliishi hivyo miezi saba nikilaumu Windows, nikilaumu stima, nikilaumu hata joto la chumba.

Oktoba ya mwaka huo programu ya GPU-Z, ile inayosoma kilichomo ndani ya kadi ya grafiki, ikatoa toleo la 2.12, ambalo liliongezewa uwezo wa kutambua kadi za kughushi. Nikaifungua, na mbele ya jina la kadi yangu kulikuwa na neno moja kwenye mabano ya mraba: FAKE. Ndani mlikuwa na chipu ya GF106, iliyotumika kwenye GTS 450 ya mwaka 2010. Viini 192. 1050 Ti ya kweli ina 768. Mtu alikuwa ameandika upya programu yake ya ndani ili ijitaje kwa jina lisilo lake.

Na kumbe chipu za familia ile ya kina 1050 hazitoi kabisa ishara ya analojia inayohitajika na VGA. Lile tundu lililonifurahisha ndilo lililokuwa likinipigia kelele.

Nilirudi kibandani. Yule bwana hakukasirika, hata sauti hakupandisha. Aliniangalia kama mtoto aliyepotea njia.

"Boss, si iliwaka? Ulitoka hapa ikiwaka."

Elfu kumi na nne. Wakati huo nilikuwa nikilipa nyumba elfu tisa.

Tangu siku hiyo flashi haitoki mfukoni. Niliinunua ili nisidanganywe tena, na kwa miaka mingi nilijiona mtu wa ushahidi. Sasa najiuliza nimeitumia mara ngapi kupima kitu ambacho sikuwa nimeshakihukumu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, walisema wahenga. Hawakusema itakuwaje siku huyo mtafunwa akipewa kazi ya kuwaongoza wengine njia.

## Hesabu

Baada ya ile video nilikaa na kalamu. Nilitaka kujua, katika sababu nilizompa dada yangu, ni ngapi zilikuwa sababu na ngapi zilikuwa woga.

Nilimwambia mashine ile itakula stima. RX 580 imekadiriwa wati 185, GTX 1650 wati 75. Tofauti ni wati 110. Akicheza saa tatu kila siku, kwa mwezi ni yuniti kumi hivi. Kwa bei ya tokeni tunazonunua, ni kama shilingi mia tatu. Kijana hutumia zaidi ya hizo kwa smokie na mayai. Hoja ya kwanza ikafa hapo mezani.

Nilimwambia kampuni imeacha kuitunza. Hapo kuna ukweli: tangu mwishoni mwa 2023 AMD, walioiunda, hutoa masasisho machache tu kwa kadi za kizazi cha RX 580. Nvidia nayo ilitangaza 2025 kwamba draiva mpya za gemu kwa kina GTX 1050 Ti na 1060 zinakoma Oktoba mwaka huo, ila GTX 1650 ni ya kizazi kilichofuata na bado imo. Hoja ya pili inasimama, kwa mguu mmoja.

Lakini kama nazungumzia mashine kuachwa na waliozitengeneza, kwa nini sikumwambia habari za ile Dell? Ofisi za Uingereza haziuzi OptiPlex 7050 kwa ukarimu. Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za kizazi cha saba, na Windows 10 ilifika mwisho wa utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana zimejaa Moi Avenue. Nilinunua kilichotupwa nikamhubiria kijana dhidi ya kilichotupwa. Kweli, i5 ya kizazi cha nne nayo Windows 11 haiitaki. Lakini sikulisema lolote kati ya haya mawili, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye pesa.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoiona kwa macho, na bado naishikilia. Pawa saplai ya lile kasha la taa haikuwa na plagi ya kadi. Walikuwa wamechukua plagi mbili za kulishia diski na kuziunganisha kwa kiwaya cha adapta hadi kwenye kadi, mahali panapotakiwa plagi ya pini nane iliyoundwa kubeba hadi wati 150. Stika ilisema wati 500. Sijui mafundi wengine hupimaje, lakini mimi hupima kwa kuinua: pawa saplai ya kweli ni nzito, ndani mna shaba na bati za kupoza. Ile niliiinua kasha likiwa wazi kidogo kwa nyuma. Mkate wa nusu kilo.

Sasa hapa ndipo nilipojishika. Kasha lile ni la kawaida. Pawa saplai ingeng'olewa ikawekwa nyingine nzuri kwa akiba ya mwezi mmoja ya kazi ya nyaya, na hofu yangu yote ingekuwa imelipiwa. Ile Dell haina mlango huo. Pawa saplai yake ni ya wati 180, plagi zake si za kawaida, kasha ni jembamba. Kadi niliyomwekea ni karibu mwisho wa safari. Akitaka kubwa zaidi, ananunua kompyuta nyingine.

Sikumwambia.

Na kuna jambo ambalo halikuwemo hata kwenye hesabu. Siku tuliyoiwasha Dell nyumbani, dada yangu alisema, kwa furaha kabisa, "Inafanana na ile ya ofisi ya chifu." Mpwa wangu alicheka. Alicheka vizuri, kama anavyocheka mtu aliyeamua kucheka. Miezi minne juu ya paa za watu, halafu ulete nyumbani kompyuta ya chifu.

Nilikuwa nimehesabu wati na viini na gigabaiti. Sikuhesabu kwamba aliinama kutazama zile taa.

## Chumba cha rafiki

Wiki jana nilimwuliza kama naweza kuiona. Kumbe aliyeinunua ni rafiki yake wa kazi ya nyaya. Mpwa wangu ndiye aliyemwelekeza kibanda, na jamaa alivutana bei hadi 36,500.

Chumba kimoja, Kayole, pazia katikati. Kijana alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti cha pekee, yeye na mpwa wangu wakakaa kitandani. Mashine ilikuwa inawaka tayari. Niliomba ruhusa, nikapeleka kidole nyuma kuigusa ile adapta. Ilikuwa na joto, si la kuchoma. Nikamwambia abadilishe pawa saplai, nikamweleza kwa nini, nikamwonyesha plagi. Akasema mwisho wa mwezi. Nilimwamini nusu.

Kisha nikatoa flashi.

GPU-Z ilifunguka. Mabano yenye FAKE hayakuwepo. Jina: RX 580. Kumbukumbu: 8GB. Nikashuka hadi safu ya viini, na hapo nikakaa kimya kidogo, kwa sababu RX 580 ina viini 2304 na pale palikuwa na 2048.

"Nini, anko?" mpwa wangu akauliza.

Nikawaeleza. Mwaka 2018 AMD ilitoa, kwa ajili ya soko la China, RX 580 yenye viini 2048, ambayo kwa viini ni sawa na RX 570. Kule kisanduku kiliandikwa 2048SP. Huku kwetu hizo herufi hupotea njiani, linabaki jina tupu. Haijaghushiwa. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoibatiza. Ila si ile ambayo mtu akisoma "RX 580" anadhani amenunua.

Nikiri: nilisikia raha. Ndogo, ya sekunde mbili hivi. Nilikuwa sahihi kwamba jina linadanganya.

"Kwa hivyo aliniuzia feki?" mwenye nyumba akauliza.

"Si feki."

"Ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, lakini si... Ni ndogo kidogo kuliko jina."

Alifikiri. Akageuka kwenye skrini, akarudisha gemu, gari likakata kona. 70. 73. Picha zilikuwa safi hadi mbali barabarani, zaidi ya kwa mpwa wangu, maana 8GB ni 8GB. Kwake, kwa mpangilio huo, kadi ya 4GB hupata 58, wakati mwingine 60. Nilikuwa nimepima asubuhi.

"Lakini si inawaka?" akasema.

Maneno yale yale. Miaka yote hii nimeyabeba kama tusi, na sasa nayasikia kwa kijana aliyekaa kitandani, mwenye kompyuta ya 36,500 na furaha yake yote, na sina la kumjibu. Inawaka. Inakwenda. Ametoa elfu tatu chini ya tulizotoa sisi.

"Inawaka," nikamwambia.

Mpwa wangu alikuwa ameinamia GPU-Z, anasoma safu moja baada ya nyingine, midomo inasogea. Akaniuliza ile safu ya kumbukumbu husomwaje, nikamwonyesha. Akaniuliza kama kwenye laptopu inaonyesha wati. Nikamwambia kuna ukurasa mwingine humohumo kwenye GPU-Z, ulioandikwa Advanced, sehemu ya BIOS, akautafuta mwenyewe.

Tulipoondoka ilikuwa usiku, stima ya upande mmoja wa barabara ilikuwa imepotea. Yeye ndiye aliyechomoa flashi kwenye ile mashine. Akaifunika kifuniko chake, akaitia mfukoni mwake, akaendelea kuongea habari za rafiki mwingine anayetaka kununua laptopu Jumamosi.

Sikumdai.